Misonobari ya Jamaldin

Walipokuja kumchukua Jamaldin, walimwambia apande juu akusanye nguo zake na asikawie. Askari walibaki ukumbini wamesimama, kwa kuwa mama mkwe wake, Bi Mwanakuu, hakuwakaribisha viti. Jamaldin alipanda ngazi, akaupita mlango wa chumba chake bila kuutazama, akaendelea mpaka juu kabisa, kwenye paa bapa la chokaa. Mkewe, Swabaha, alimfuata mbio akidhani hofu imemvuruga akili.

Huko paani, chini ya jamvi lililotandazwa juu ya fito, yalikuwako madebe ya mafuta ya taa yaliyokatwa yakabaki na kina cha kiganja. Ndani yake mlijaa miche ya msonobari, kila mche urefu wa kidole, na kichwani kishungi cha majani membamba kama sindano. Jamaldin alichuchumaa, akatia kidole chake ndani ya udongo wa debe moja, kisha la pili.

"Maji kidogo," alisema. "Udongo uwe kama kitambaa kilichokamuliwa. Mbolea usiwape tena. Baridi ikikaribia, wakinge na upepo, lakini baridi yenyewe usiwanyime. Hawa wanataka kulala. Wasipolala wanachoka, wanakufa."

"Baridi gani?" Swabaha aliuliza. "Hapa Mvita kuna baridi gani?"

Kwa kawaida Jamaldin alikuwa na jawabu la kila swali la miti. Mara hii alitazama mapaa ya mtaa wa Kuze, na kamba za nguo, na mnara wa msikiti. Chini askari mmoja aliita.

"Kipupwe," alisema mwishowe. "Wangojee kipupwe."

Akashuka. Alikwenda na kikoi kimoja na kanzu mbili alizofungashiwa na Bi Mwanakuu kwa haraka, na hakupewa nafasi ya kuaga vizuri.

Ilikuwa Disemba ya mwaka elfu moja mia tisa arubaini na moja. Siku chache kabla yake redio ilikuwa imetangaza kwamba Japani imeingia vitani dhidi ya Waingereza, na Jamaldin alikuwa Mjapani. Jina la ukoo wake huko kwao lilikuwa Sakuma. Alikuja Mombasa miaka ya nyuma kama karani wa kampuni ya vitambaa, akawa anapita maduka ya Biashara Street na mabunda ya sampuli, mpaka akazoea mji na mji ukamzoea. Alisilimu mikononi mwa Maalim Abdulghafur, akapewa jina la Jamaldin, na baada ya mwaka akaja kumposa Swabaha. Bi Mwanakuu hakupenda. Alisema mtu asiyejulikana ukoo wake ni sawa na nyumba isiyo na msingi. Lakini baba wa Swabaha alikwisha kufariki, na walii wa Swabaha alikuwa kaka yake, Faraj, na Faraj alimpenda yule kijana mpole aliyesali jamaa msikitini kila siku. Yeye ndiye aliyewaoza.

Miche ile ilikuwa na kisa chake. Kwao Jamaldin, watu huuchukua mti wa kuwa mkubwa wakaufunza kuishi chunguni. Huukata mizizi, huufunga matawi kwa waya, mwaka baada ya mwaka, mpaka unakuwa mzee kama mti wa mlimani na bado mtu aweza kuubeba kwa mikono miwili. Huiita bonsai. Baba yake alipanda mbegu ya msonobari mamake alipokuwa na mimba yake, na mti ule, Jamaldin alisema, ungalipo, una umri wake. Swabaha alipoharibu mimba mara ya pili, Jamaldin aliagiza mbegu kwa baharia wa kwao kabla meli zao hazijakatazwa kuja. Akazipanda mchangani bila kumwambia mtu anatarajia nini. Alipozungumzia miche hakusema "hii", alisema "hawa", kama watu. Kiswahili chake kilikuwa safi, na Bi Mwanakuu alikuwa akimrekebisha kosa hilo moja tu, na yeye alicheka na kulirudia.

Miche ilipotoka ardhini, Swabaha alishika mimba ya tatu. Basi moyoni mwake mambo haya yakafungamana, na baada ya mume kuchukuliwa yakafungamana zaidi. Hakumwambia mtu, lakini kila mche uliokauka ulimtia mkono tumboni kupapasa.

Kaskazi ya mwaka ule ilikuwa kali. Jua la mchana liliichoma miche ya pembeni, ikageuka rangi ya kutu. Swabaha alitundika kanga zake mbili juu ya jamvi, akawa anapanda ngazi asubuhi na jioni na kopo la maji, mkono mmoja ukishika ukuta. Jirani yao, Bi Mehrunnisa, mke wa Badruddin mwenye duka la soda na barafu, alimwonea huruma akamsaidia kubeba maji. Wengine wa mtaani hawakuja tena. Walipokutana naye njiani walimsalimu, kwani salamu haikatwi, lakini salamu ilikuwa fupi.

Faraj naye aliingia katika taabu. Alikuwa karani wa shehena bandarini Kilindini, na siku moja alipofika langoni akanyang'anywa kibali chake. Hakuna aliyemweleza sababu, wala hakuhitaji kuelezwa. Shemeji yake alikuwa adui wa serikali. Alikwenda Liwatoni kutafuta kazi ya kupakua samaki, akarudi na mikono imechanika na harufu aliyoionea haya.

Mwezi wa nne uvumi ukauvaa mji. Manowari za Kiingereza zilijaa Kilindini, na watu walisema zimekimbia huko Bara Hindi, kwamba Wajapani wanakuja nyuma yake na Mombasa itapigwa mabomu. Matajiri kadhaa walipeleka familia zao bara. Usiku amri ilikuwa giza, na kila mtaa ulipewa mlinzi wake. Wa Kuze alikuwa Mung'aro, mtu wa Rabai mwenye kofia ya chuma na filimbi, asiyependa ugomvi. Siku moja alasiri alibisha hodi akiwa na uso wa mtu aliyetumwa asichokitaka. Alipelekwa juu, akayatazama madebe.

Alieleza kwa adabu kwamba watu wamelalamika. Madebe yale hung'aa mbalamwezini, na kuna wanaosema yamepangwa hivyo kwa makusudi, ili ndege za Wajapani ziuone mji. Swabaha alisema atayapaka masizi. Alisema atayafunika magunia kila magharibi. Mung'aro alitikisa kichwa. Angekuwa yeye tu, alisema, angeacha, lakini ameagizwa kwamba kitu chochote cha Mjapani kisikae juu ya paa.

Jioni ile Faraj aliposikia, alimwita dada yake ukumbini. Bi Mwanakuu alikuwapo, anapepeta mchele, hakuinua uso.

"Itupe ile miche, Swabaha," Faraj alisema. "Kisha kesho twende kwa Kadhi. Mume aliyefungwa hana nafaka anayokuletea, hana nguo, hana habari. Ndoa yavunjika kwa sharia, na hakuna atakayekulaumu."

"Kaka, wewe ndiye uliyenioza."

"Ndio maana nasema mimi."

"Hajaniacha. Amechukuliwa." Swabaha alikaa chini. "Na hawa sitawatupa. Nikiwatupa sitabakiwa na kitu alichokishika."

Faraj alimwonyesha mikono yake, michubuko ya magamba na kamba. Kisha akatoka. Bi Mwanakuu ndipo alipozungumza, akiwa bado ameutazama ungo.

"Mtoto ni wa Mungu, mwanangu. Si wa madebe. Jiangalie usije ukamshirikisha Mola na vijiti."

Swabaha aliishusha miche mwenyewe, debe baada ya debe, akaipanga katika ua wa ndani, karibu na kisima. Hapakuwa na mahali pengine. Ua ule ulikuwa kama shimo, kuta ndefu pande zote nne, jua likiingia kidogo adhuhuri na kutoweka. Naye alijua, aliposimama kuutazama, kwamba ameweka kiumbe cha mlimani ndani ya shimo.

Kisha masika ikaingia. Haikuwa mvua ya kupita. Ilinyesha mpaka kuta zikaota ukungu na nguo zikanuka sandukuni. Uani maji yalitiririka kutoka mapaani, na hewa haikusonga. Asubuhi moja Swabaha aliona miche mitatu imelala ubavu. Aliinyanyua. Shingoni, pale inapotokea udongoni, ilikuwa imekuwa myeusi na laini kama uzi uliooza. Kesho yake ililala mingine zaidi, mmoja ukiambukiza jirani yake, kama ugonjwa upitavyo katika madrasa.

Alifanya kila alilolijua na mengi asiyoyajua. Aling'oa yote iliyougua akaichoma. Alikwangua udongo wa juu, akatia mchanga mkavu aliouanika jikoni kwenye chungu. Alinyunyiza jivu, kisha akasaga makaa akayanyunyiza juu ya jivu. Alitoboa matundu mengine chini ya madebe kwa msumari. Aliyaingiza ndani, akayapanga dirishani mwa chumba chake, kwa zamu, ili kila debe lipate saa yake ya mwangaza. Alilala na harufu ya udongo. Bi Mwanakuu alilalamika kwamba chumba cha mja mzito kimekuwa shamba, kisha akaleta matandiko yake akalala mlangoni, maana binti yake alikuwa akiamka amejipinda kwa maumivu ya kiuno.

Mingine ilikufa bila kulala. Hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi. Ilisimama wima, kijani, na alipoigusa iling'oka bila mzizi. Akakumbuka kwamba mumewe alipata kumwambia msonobari hukawia kuonyesha kifo chake. Waweza kumwagilia maiti mwezi mzima.

Mvua zilipopungua, miche iliyobaki ilienea katika madebe mawili tu. Upepo wa kusi ukaanza kushika, na wazee msikitini wakaanza kujifunga mashuka asubuhi. Kipupwe kilikuwa kinakaribia. Swabaha alikingoja kama wengine wangojeavyo mwezi kuandama. Aliyatoa madebe, akayaweka kwenye kibaraza cha nyuma ambako upepo haukufika. Alipunguza maji. Alfajiri alitoka akiwa mzito, akaweka kiganja juu ya udongo kuona kama umepoa.

Ulipoa, ndiyo, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Mtu mzima angejitanda kanga akasema leo kuna baridi. Lakini miche haikulala. Iliendelea kutoa sindano mpya, nyembamba, za rangi ya maziwa, kila moja dhaifu kuliko iliyotangulia. Inachoka, alijiambia. Inakesha na inachoka.

Hapo ndipo alipofikiria barafu.

Alivaa buibui akaenda kwa Badruddin, nyuma ya Biashara Street. Badruddin alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwamba mashine yake sasa hufanya kazi kwa ajili ya manowari na hospitali, na kila bonge lina mwenyewe kabla halijaganda. Hata sherehe za harusi amezinyima. Swabaha hakuondoka. Alisimama pale na tumbo lake, maji ya barafu yakipita chini ya ndara zake. Mehrunnisa alitoka nyuma ya pazia akamwambia mumewe kitu kwa Kikachhi, lugha ya kwao, kifupi. Badruddin akajifuta uso.

"Vipande vinavyovunjika," alisema. "Vile vya chini, vyenye uchafu. Hivyo chukua."

Basi Swabaha akapata sanduku la mbao, akajaza unga wa mbao kutoka kwa seremala wa milango, akapanga barafu chini na kuyaweka madebe juu yake, katika stoo ya chini ya ngazi ambamo kulikuwa na dirisha dogo. Kila asubuhi alikwenda na gunia, akarudi nalo begani linavuja, buibui limemganda mgongoni. Watu walimtazama. Mke wa Mjapani anabeba barafu, walisema, na hakuna aliyeweza kubuni sababu, na kwa kuwa hawakuweza walibuni mbaya zaidi. Yeye hakuwajali. Siku ya kwanza alipotia kidole udongoni na kukuta ni baridi hata mfupa unauma, alikaa sakafuni mwa stoo akalia, mara ya kwanza tangu Disemba.

Uchungu ulimshikia njiani, gunia likiwa begani. Aliketi kwenye baraza ya nyumba asiyoijua, na mwenye nyumba, mwanamke ambaye alikuwa hajamsemesha tangu Jamaldin achukuliwe, alimshika mkono akampeleka mpaka kwa Bi Mwanakuu. Alizaa siku ya pili, kabla ya adhuhuri. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, mwenye nywele zilizolala kichwani kama za babake. Hakulia upesi. Bi Mwanakuu alimpiga nyayo, akampulizia, akamsomea, na alipolia hatimaye Bi Mwanakuu ndiye aliyeanguka kitini. Wakamwita Nana, jina la mamake Bi Mwanakuu.

Mzazi hatoki nje mpaka arubaini. Swabaha alilala kitandani akikandwa maji moto, akinyweshwa uji wa pilipili manga, na swali lake la kwanza kila asubuhi lilikuwa moja. Bi Mwanakuu alimwambia atulie, barafu inaletwa. Nani anaileta? Inaletwa, mwanangu, wewe nyonyesha.

"Wako vipi?"

"Wamelala," Bi Mwanakuu alisema.

Swabaha alipolisikia neno lile alitulia. Mama yake, aliyekuwa akimkosoa Jamaldin miaka yote, sasa alisema "wamelala", si "imelala". Usiku alimsimulia mtoto habari za miche iliyolala. Maziwa yalimtoka vizuri. Mtoto akanenepa. Kila alipouliza alijibiwa lile lile, wamelala, na ingawa sauti ya Bi Mwanakuu ilizidi kupungua, Swabaha alidhani ni uchovu wa mzee.

Siku ya arubaini alioshwa, akavishwa kanga mpya, akafukizwa udi. Wanawake wachache waliokuja walipokwenda zao, alimwacha mtoto kitandani, akashuka ngazi, akafungua mlango wa stoo.

Hapakuwa na barafu. Unga wa mbao ulikuwa umekauka ukashikana kama mkate. Madebe mawili yalikuwa pale pale, na miche yote ilikuwa imesimama, ya rangi ya kutu kutoka juu hadi chini. Aliugusa mmoja. Sindano zilimwagika mkononi mwake.

Alipanda juu na debe moja kifuani. Bi Mwanakuu alikuwa amekaa ukumbini na Faraj, aliyekuja kula chakula cha arubaini.

"Mama, wamekufa lini?"

"Nani?"

"Hawa. Miche. Nimeuliza miche." Swabaha alimtazama mama yake, kisha kaka yake. "Kwani kuna mwingine aliyekufa?"

Bi Mwanakuu alijifunika uso kwa ncha ya mtandio. Faraj alinyanyuka, akalichukua debe mikononi mwake, akaliweka chini polepole kama chombo kilichojaa maji.

"Jamaldin amefariki," alisema. "Kichomi. Huko kambini, bara. Mwisho wa masika. Niliitwa nikaambiwa, nikaja kumwambia Mama, na Mama akasema tungoje ujifungue."

Swabaha hakulia, wala hakupiga ukelele ambao Faraj alikuwa amejiandaa kuupokea. Aliuliza kitu ambacho hakuna aliyekitazamia.

"Kulikuwa na baridi huko?"

"Wasema baridi kali," Faraj alijibu. "Asubuhi nyasi huwa nyeupe."

Kisha akahesabu, na wote wawili waliona anahesabu nini. Eda ya mjane mwenye mimba huisha anapojifungua. Mume alikufa kabla ya mtoto kuzaliwa. Kwa hivyo aliingia eda asijue, na alitoka eda asijue, siku aliyokuwa akiambiwa sukuma, na leo aliyovaa kanga mpya na kunukia udi alikuwa mwanamke huru wa kuposwa.

"Nilikuwa eda ya mume wangu," alisema, "na mimi nabeba barafu barabarani. Watu walijua?"

"Hakujua mtu," Bi Mwanakuu alisema. Alifunua uso. Macho yake yalikuwa makavu. "Umeharibu mara mbili, Swabaha. Mara ya pili nalikuosha mwenyewe kwa mikono hii. Ningekwambia mumeo amekufa, ningekuosha mara ya tatu. Nalichagua. Na nikichaguzwa tena leo, nitachagua vile vile."

"Na baada ya kuzaa?"

"Maziwa."

Swabaha alimchukua mtoto, akavaa buibui, akatoka. Alikwenda nyumba ya pili, kwa Mehrunnisa, akaomba alale huko, na hakueleza. Alikaa siku kadhaa. Hakuwa na hasira tu; alikuwa na kitu kizito zaidi kisichompa hata nguvu ya kukasirika. Alinyonyesha, akasali, akatazama ukuta. Mtoto alipolia alimnyanyua kwa mikono iliyojua kazi yake bila yeye kuwamo.

Mehrunnisa hakuwa mwanamke wa kuhubiri. Lakini siku moja, akimkanda mtoto mafuta, alimweleza jambo ambalo Swabaha hakuliuliza. Alisema tangu siku Swabaha alipojifungua, Bi Mwanakuu alikuwa akija dukani kwa miguu, na yale magoti yake. Alileta gunia mwenyewe. Badruddin alipomwambia hakuna barafu, manowari mpya zimefika, aliketi kizingitini mpaka mwishowe alipewa chochote, hata vumbi lililokwanguliwa mashineni. Siku nyingine alirudi na gunia tupu lililolowa tu, akasema afadhali hilo. Kisha mashine ikaharibika wiki nzima.

"Aliniuliza kitu siku moja," Mehrunnisa alisema. "Aliniuliza, msonobari ukilala wabaki kijani? Nikamwambia sijui, Bi Mwanakuu, kwetu hakuna. Akasema, basi bado wamelala."

Swabaha alikaa na maneno hayo mpaka mafuta yakakauka kwenye ngozi ya mtoto. Hayakumwondolea kitu. Mume alikuwa amekufa, na miche imekufa, na miezi miwili ya kuomboleza ilikuwa imeibiwa ambayo hakuna mtu angeweza kuirudisha. Lakini jioni yake alirudi kwao, na Bi Mwanakuu akamfungulia mlango. Swabaha alimpa mtoto ambebee, akapanda juu kulala.

Alichokitaka sasa ni khitma. Alikwenda kwa Maalim Abdulghafur, akakaa nyuma ya mlango wa madrasa mpaka wanafunzi walipotoka, akamwomba Jamaldin asomewe. Maalim alikuwa mzee na mwoga kwa namna yake. Alisema mambo ni magumu. Msikitini haitawezekana, watu watauliza, na wapo wanaopeleka maneno. Swabaha alimjibu kwamba yeye Maalim ndiye aliyemtamkisha shahada, na mtu huyo amezikwa asikojulikana, na hajui kama kuna aliyemswalia. Maalim alifunga msahafu uliokuwa mbele yake. Kisha akasema atakuja nyumbani, alasiri, na atakayekuja na aje.

Walikuja wachache. Badruddin alikuja na kofia yake ya sherehe. Seremala aliyetoa unga wa mbao alikuja. Maalim alikuja na vijana wake wawili. Mung'aro alisimama nje barazani. Alisema ametumwa kuangalia mkutano ni wa nini, na alipoambiwa ni dua ya maiti alivua ile kofia ya chuma akaishika mkononi, akabaki pale pale.

Faraj hakuonekana. Swabaha alijua sababu. Kaka yake alikuwa ameahidiwa kwamba mambo ya dada yake yakimalizika huenda kibali chake cha bandarini kikarudishwa, na mtu anayemsomea Mjapani hadharani hajamaliza kitu. Hakumlaumu. Alikaa nyuma ya pazia na mama yake na Mehrunnisa, mtoto mapajani, akasikiliza juzuu zikigawanywa na kubaki nyingi kuliko wasomaji.

Wakiwa katikati, mlango ulifunguliwa. Faraj aliingia moja kwa moja kutoka Liwatoni, miguu mitupu, magamba bado mikononi. Alikwenda kisimani akatawadha, akarudi, akakaa, akachukua juzuu mbili. Alisoma kwa sauti mbaya, ya mtu aliyepigwa na baridi, lakini hakusimama.

Walipomaliza, Maalim aliinua mikono kuomba. Alimwombea marehemu Jamaldin, akafika pale panapotajwa jina la baba, akasita. Waliosilimu kwa desturi huitwa wana wa Abdallah, na mdomo wake ulikuwa umeshaanza kusema hivyo.

"Sakuma Yohei," Swabaha alisema nyuma ya pazia.

Lilikuwa jina la adui, limetajwa wazi, mlinzi akiwa mlangoni. Bi Mwanakuu alimshika binti yake kiwiko, na Swabaha alidhani anamnyamazisha. Lakini Bi Mwanakuu alisogeza uso karibu na pazia, akarudia kwa sauti kubwa zaidi, ili Maalim mwenye masikio mazito asikie.

"Jamaldin bin Sakuma Yohei. Ndilo jina la babake."

Maalim alilitamka kama alivyoweza, akilivunja mahali pawili. Faraj ndiye aliyeitikia amin wa kwanza.